Mgongo wa Farasi na Mbwa: Tunachotibu kwa Mikono na Tusichogusa

Wateja wengi wakitupigia simu husema maneno yanayofanana: "Mbwa wangu ameteguka mgongo," au "Pingili ya farasi wangu imetoka, njooni muirudishe." Tunaelewa kwa nini watu husema hivyo, maana tiba ya kiropraktiki, yaani kulegeza viungo vya mgongo kwa mikono, imezoeleka kuelezwa kwa namna hiyo. Lakini pingili ikitoka kweli mahali pake, mnyama huyo haletwi kwetu. Anapelekwa hospitali ya wanyama akapigwe picha ya eksirei, tena upesi. Sisi tunashughulika na kiungo kilichokaa pale pale kinapotakiwa kukaa, ila kimegoma kucheza.

Wazo la mfupa uliohama limetoka mbali. D. D. Palmer, aliyeanzisha kiropraktiki kwa binadamu mwaka 1895 huko Davenport, Iowa, aliamini kwamba karibu magonjwa yote chanzo chake ni pingili zilizosogea. Hatufuati imani hiyo. Hatutibu mzio, figo wala minyoo kwa kubonyeza mgongo, na mtu akikuahidi hivyo, mchukue mnyama wako uondoke.

Sasa kazi yenyewe. Farasi ana pingili 7 za shingo, 18 za kifua, kwa kawaida 6 za kiuno, na 5 zilizoungana kuwa mfupa mmoja juu ya nyonga, bila kuhesabu za mkia. Mbwa ana 7 za shingo, 13 za kifua, 7 za kiuno na 3 zilizoungana. Kila pingili inapokutana na inayofuata pana viungo vidogo, kulia na kushoto, ambavyo kila kimoja huteleza kidogo sana. Lakini mtelezo huo mdogo, ukijumlishwa kuanzia shingoni hadi mkiani, ndio unaomwezesha farasi kujikunja kwenye kona na mbwa kujizungusha akajikuna mgongoni. Kiungo kimoja kikikakamaa, iwe kwa kuanguka, kwa tandiko baya au kwa kuchechemea muda mrefu, misuli ya jirani hukaza ili kukilinda. Mnyama naye huhamishia kazi kwingine.

Kuhama huko kwa kazi ndiko kunakowapotosha wenye wanyama. Farasi na mbwa hubeba takriban asilimia 60 ya uzito wao kwa miguu ya mbele, na hawana mtulinga wa kushikanisha bega na kifua kama sisi. Sehemu yote ya mbele imening'inizwa kwa misuli. Kwa hiyo mbwa mwenye nyonga mbovu hujivuta mbele, na tukimpapasa tunakuta shingo na mabega yamekaza kuliko kiuno chenyewe. Tukilegeza shingo tu tukamwacha na nyonga zake, baada ya muda atarudi vile vile. Ndiyo maana huwa tunaomba daktari wa mifugo amwone kwanza, na sehemu nyingi sheria nayo inadai hivyo.

Kwa farasi, dalili tunazoambiwa mara nyingi ni hizi: anarudisha masikio nyuma ukimfunga mkanda wa tandiko, anakataa kwenda shoti kwa kutanguliza mguu wa upande fulani, anarusha mateke akipandwa, anainamisha kichwa upande mmoja akivutwa hatamu. Zote zinaweza kutoka mgongoni. Zinaweza pia kutoka kwenye jino lenye ncha kali, vidonda vya tumbo, kwato zilizokatwa vibaya, au tandiko lililobana mabega. Mgongo uliotibiwa leo ukarudishiwa tandiko lile lile kesho haujatibiwa. Zingatia hili kabisa: tandiko lisipite ubavu wa mwisho, kwa sababu nyuma ya hapo mgongo hauna mbavu za kuusaidia kubeba mpandaji.

Mbwa husema kwa vitu vidogo zaidi. Anasita kabla ya kurukia garini. Anapanda ngazi kwa kurusha miguu miwili ya nyuma kwa pamoja. Anakaa akiegemea paja moja. Kucha za mguu mmoja zinalika kuliko za mwingine. Dalili ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu mtu yeyote anaweza kuiona, ni namna anavyojikung'uta akitoka majini: mbwa mzima hujikung'uta kuanzia kichwani hadi ncha ya mkia, ila mwenye maumivu huishia kiunoni.

Watu huuliza, mtu mmoja atawezaje kusogeza mgongo wa farasi mwenye kilo 500? Hatuusogezi mgongo mzima. Tunatafuta kiungo kimoja, tunakifikisha mwisho wa mwendo wake, kisha tunakisukuma kwa haraka na kwa umbali mfupi mno, kufuata mlalo wa kiungo chenyewe. Kasi na shabaha ndizo zinazofanya kazi, nguvu hazihitajiki sana. Kwa farasi tunasimama juu ya boksi imara ili mkono ushuke kwa pembe inayofaa. Hatutumii nyundo wala hatuvuti mguu kwa kamba. Mlio wa "ko" unaweza kusikika au usisikike. Ni gesi tu ndani ya ute wa kiungo, na haupimi mafanikio. Tunachotazama ni macho kulegea, farasi kulamba midomo, mbwa kuvuta pumzi ndefu, na hasa mwendo wake tukimtembeza tena.

Kuhusu ushahidi, mteja anastahili ukweli. Zipo tafiti za farasi zilizopima na kuona kwamba baada ya tiba hii mgongo huvumilia kubonyezwa zaidi kabla ya kuuma, na hukunjika vizuri zaidi. Nyingi ni ndogo na zilifuatilia muda mfupi. Kwa mbwa tafiti ni chache zaidi. Kwa hiyo tunaitoa kama sehemu ya matunzo, pamoja na daktari, fundi wa kwato na mazoezi. Farasi ambaye ncha za juu za pingili zake zinagusana chini ya tandiko, kwa mfano, mikono yetu haiwezi kuzitenganisha. Tunaweza kumpunguzia mkazo wa misuli wakati daktari anashughulika na chanzo.

Kuna wanyama ambao hatuwagusi kabisa. Mbwa wa miguu mifupi na mgongo mrefu, kama dachshund, diski zao, yaani mito laini iliyo kati ya pingili, huanza kukauka wangali wadogo, na diski ikipasuka hubana uti wa fahamu uliomo ndani ya pingili. Ukiona mbwa anayumba nyuma, anakanyagia upande wa juu wa wayo, anaburuta miguu au ameshindwa kukojoa, usiweke miadi kwetu. Nenda kwa daktari siku hiyo hiyo, na umbebe juu ya ubao au blanketi lililokazwa. Saa zina uzito hapo. Farasi anayejikwaa na kuyumba kana kwamba hajui miguu yake iko wapi huenda amebanwa shingoni, na kumzungusha shingo kwa nguvu ni kumhatarisha yeye na mpandaji wake. Mnyama mwenye homa, uvimbe wa mfupa, au aliyeanguka vibaya na bado hajapigwa picha, tunamrudisha kwa daktari.

Baada ya tiba, farasi asipandwe siku hiyo. Mtembeze kwa mkono. Kisha anza mazoezi ya karoti: simama ubavuni, mfanye aifuate kwa pua hadi karibu na nyonga, halafu chini katikati ya miguu ya mbele, akiwa amesimama imara. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba mazoezi ya aina hii, siku 5 kwa wiki kwa miezi 3, yalinenepesha misuli midogo iliyo kando ya uti wa mgongo, ile ile inayonywea farasi akiumwa mgongo. Hakuna tunachoweza kukufanyia kwa saa moja kitakachofikia hilo. Kwa mbwa, tandika mkeka kwenye sakafu inayoteleza, kata kucha, punguza uzito uliozidi, na mtembeze kwa mkanda wa kifuani badala ya kola kama ana tabia ya kuvuta.

Mnyama asipoonyesha nafuu baada ya kumwona mara mbili au tatu, tunasimama na kumrudisha kwa daktari na maelezo yetu ya maandishi.

Ukija mara ya kwanza, njoo na majibu ya daktari, picha za eksirei kama zipo, na tandiko unalolitumia kila siku, hata kama unaliona liko sawa. Usimpe dawa ya maumivu asubuhi hiyo bila kuzungumza na daktari wako na kutujulisha, maana hutufichia mahali panapouma. Mrekodi pia kwa simu akitembea kwa utulivu nyumbani, mara moja kwa ubavuni na mara moja akija moja kwa moja kwako. Mahali pageni wengi huficha maumivu yao, na video hiyo huwa tunaitazama kabla hatujamgusa.