Barua ya wazi kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Mipango Miji

Mheshimiwa Mwenyekiti,

YAH: UKUBWA WA VIWANJA KANDO YA MSITU NA ARDHIOEVU

Nakuandikia hadharani kwa sababu jambo lenyewe ni la wote. Kamati yako inapitia upya kanuni za matumizi ya ardhi, na pendekezo linalosifiwa zaidi ni lile la kuzuia viwanja vidogo pembezoni mwa mji: nyumba moja kwa ekari moja, isipungue hapo. Wanaolitetea wanasema nyumba zikiwa chache, miti itabaki. Nia yao naiheshimu. Hata hivyo, naomba kamati ilikatae.

Tupige hesabu. Chukua ekari 100 zenye msitu na kijito. Kwa kanuni hiyo zinapatikana nyumba 100 hivi, na kila ekari imeshapata mwenyewe. Sasa chukua nyumba zilezile 100, kila moja uipe robo ekari, uziweke pamoja kwenye mwinuko mkavu. Zitatumia ekari 25. Ongeza hata ekari 10 za barabara na mifereji, bado ekari 65 hazijaguswa, tena zikiwa kipande kimoja.

Hicho kipande kimoja ndicho kiini cha barua hii. Kiwanja cha ekari moja hakibaki msitu kwa sababu tu nyumba imekaa katikati yake. Kwanza huja uzio, kisha njia ya gari. Njia ikikutana na kijito, fundi hulaza bomba la kalvati na kulifukia kwa kifusi. Jirani wa chini naye hulaza lake, na wa tatu vivyo hivyo, kila mmoja kwa kipimo chake. Mvua kubwa ikinyesha, matawi na takataka huziba bomba jembamba kuliko yote, maji yakapanda na kutafuta njia kwenye ua wa mtu. Vichaka hufyekwa kwa kuhofia nyoka, nyasi fupi hupandwa, na udongo uliokuwa ukinywa maji unashindiliwa na magari. Kwenye ramani ya kamati eneo hilo litaendelea kupakwa rangi ya kijani.

Hata pale tunapoacha ukanda wa ulinzi kando ya maji, huwa tunafikiria maji peke yake. Chura hutaga bwawani, lakini sehemu kubwa ya maisha yake huipitisha nchi kavu, chini ya majani na magogo. Kwa jamii nyingi za vyura na jamaa zao, watafiti wamekadiria kwamba eneo wanalolihitaji hufika mita 159 hadi 290 kutoka ukingoni. Ukanda wa mita 30 unachuja tope na mbolea, na kwa hilo ni muhimu sana. Chura mwenyewe haumtoshi.

Najua watu wanahitaji nyumba, na hilo silichukulii kwa wepesi. Kanuni ya ekari moja inawaumiza hao kwanza. Kijana anayeanza maisha hawezi kununua ekari nzima, kwa hiyo husogea mbali zaidi, na msitu wa huko nao unaanza kukatwa.

Lipo pia suala la haki. Mwenye kinamasi hakukichagua, pengine amekirithi. Akiambiwa asijenge, jirani yake mwenye mwinuko akaruhusiwa, ana sababu ya kulalamika. Kaunti ya Montgomery, jimboni Maryland, Marekani, ilikutana na swali hilo mwaka 1980 ilipotenga takriban ekari 93,000 kwa ajili ya kilimo. Nyumba ziliwekewa kikomo cha moja kwa kila ekari 25, lakini mwenye shamba alipewa haki moja ya ujenzi kwa kila ekari 5, anayoweza kumuuzia mjenzi anayetaka kuongeza nyumba katika maeneo ya mji yaliyoteuliwa kuzipokea. Haki ikishauzwa, sharti la kutoitumia tena shambani hapo huandikwa kwenye kumbukumbu za ardhi na kumfunga kila atakayelimiliki shamba hilo baadaye. Mkulima anapata fedha, shamba linabaki shamba.

Na kwa anayeuliza kinamasi kina faida gani: katika bonde la mto Charles, jimboni Massachusetts, wahandisi wa jeshi la Marekani walihifadhi takriban ekari 8,000 za ardhioevu ili zipunguze mafuriko. Nyingine walizinunua, nyingine wakanunua haki ya kuzuia zisijengwe. Walikuwa wanatafuta mahali pa maji kukaa, na mahali penyewe palikuwepo tayari.

Mheshimiwa, naomba kanuni mpya ihesabu idadi ya nyumba kwa eneo zima badala ya kulazimisha ukubwa wa kila kiwanja, na nyumba zinazowekwa pamoja ziwe na mfumo wa pamoja wa majitaka, maana mashimo mengi yaliyobanana yataharibu maji tunayotaka kuyalinda. Sehemu isiyojengwa iandikwe kwenye hati kwa sharti la kudumu, kwa kuwa ulinzi wa ramani peke yake unaweza kuondolewa kwa kura ya kikao kimoja. Pia ramani ya chemchemi, vinamasi na njia za maji ichorwe na kubandikwa hadharani kabla mpima hajapigilia kigingi cha kwanza. Niko tayari kuja mbele ya kamati siku yoyote mtakayopanga.

Wako mwaminifu,
Mkazi wa pembezoni mwa mji