Daftari langu la madeni na mgomo wa walimu

Ndugu Mhariri,

Nauza samaki Masese, hapa Jinja, Uganda, na nina daftari la madeni. Ukurasa mmoja ni wa mwalimu wa kemia, unaofuata ni wa mwalimu wa Kiswahili. Wanafundisha shule moja na wote wana digrii. Zamani kurasa zao zilifanana: mwezi ukifika katikati walikopa mukene, yaani dagaa, mshahara ukiingia wakalipa. Julai 2022 mwalimu wa sayansi mwenye digrii akapandishiwa mshahara hadi shilingi milioni nne. Mwenzake wa masomo ya sanaa, kama Kiswahili, akaachwa kwenye milioni moja na kidogo. Tangu hapo ukurasa wa kemia ni mweupe. Ule wa Kiswahili umejaa hadi nimegundisha karatasi nyingine.

Sina kinyongo na wa kemia. Alistahili, na yeye mwenyewe humlipia mwenzake pale anapoweza.

Nakiri kwamba Juni 2022, UNATU, chama cha walimu wa Uganda, kilipotangaza mgomo kupinga nyongeza hiyo isiyo sawa, mimi niliwalaani walimu. Shule zilifungwa kwa korona, zote au kwa sehemu, tangu Machi 2020 hadi Januari 2022. Kitindamimba wangu alikuwa amerudi darasani miezi mitano tu, akarudishwa tena nyumbani. Nilimwambia mwalimu wa Kiswahili mbele ya wateja kwamba anawaadhibu watoto wa maskini. Akajibu taratibu: "Mama, mimi pia nina watoto, na karo ya shule ninayofundisha siimudu." Nilimfungia samaki wake nikanyamaza. Jibu lile halijanitoka.

Mwezi uleule wa Julai, Baraza la Mawaziri likaamua Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Nilifurahi sana, maana ndiyo lugha yangu ya sokoni. Sasa nauliza: somo likiwa la lazima, kwa nini mwalimu wake alipwe kama vile si lazima awepo?

Wanaouita mgomo uasi wasome ibara ya 40 ya Katiba ya 1995. Mfanyakazi ana haki ya kuingia chama, kujadiliana na mwajiri kwa pamoja, na kugoma kwa kufuata sheria.

Wala si walimu peke yao. Binti ya dada yangu alikata minofu kiwandani kama kibarua. Akidai saa za ziada aliambiwa getini wapo wengine. Angeshika sheria gani? Kima cha chini cha mshahara ni shilingi 6,000 kwa mwezi, kiliwekwa 1984, na leo hazinunui hata kilo mbili za sukari! Bunge lilipitisha muswada mpya mwaka 2019, Rais hakuutia saini. Wafanyakazi wana wabunge watano. Tungependa kuwasikia juu ya hilo kila kikao, si wakati wa kura tu.

Wazazi wenzangu, walimu wakigoma tena tusisimame getini kuwazomea. Katika mkutano wa wazazi muhula huu nitaomba suala la mishahara lijadiliwe kabla ya michango ya uji, na barua yetu ipelekwe wilayani ikiwa na sahihi zetu. Yangu itakuwa ya kwanza. Na deni la mwalimu yule sitalidai mwezi ambao amegoma.

Mama muuza samaki,
Masese, Jinja