Kabla ya kuuliza kwa nini, iondoeni dawa ya shamba nyumbani

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wazazi na walezi ambao kijana wao amewahi kutamka, au kuandika, kwamba amechoka kuishi, hasa walio katika mikoa ya kilimo kama huu wetu wa Njombe. Nimekuwa muuguzi hadi nilipostaafu, na ninalo ombi moja: siku hiyohiyo mnayopata habari hiyo, kabla ya kutafuta chanzo chake, viondoeni nyumbani vitu anavyoweza kujidhuru navyo.

Kwa kawaida tunaanza na mengine. Ukoo unaitwa, mjomba anatoka Makambako na shangazi anatoka Songea, kisha watu wazima wanakaa sebuleni hadi usiku wa manane wakiulizana nani kamuudhi binti, kama ni matokeo ya mtihani, mvulana au mkono wa mtu. Nimewahi kukaa katika kikao cha namna hiyo huku dawa ya kunyunyizia viazi ikiwa imeegemezwa kwenye mfuko wa mbolea ukumbini, na binti aliyekuwa akizungumziwa akiipita kila alipotumwa kuleta chai. Hakuna aliyeishtukia, kwa kuwa katika nyumba ya mkulima dawa hiyo ni kitendea kazi, haihesabiwi kuwa sumu. Nilipoomba itolewe, mzee mmoja alinijibu kwamba aliyekusudia kufa hazuiliki.

Heshima yake ibaki palepale, lakini hilo si kweli. Nia ya kujiua, zaidi kwa vijana, hupanda na kushuka, na mara nyingi kilele chake hudumu kwa dakika au saa chache tu. Kijana akikosa kitu cha hatari karibu naye katika muda huo, uwezekano wa kuvuka salama unakuwa mkubwa, na wengi wa walionusurika hawafi baadaye kwa kujiua. Sri Lanka, nchi ya wakulima kama sisi, ilipiga marufuku viuatilifu vikali zaidi mwaka 1995 na kingine mwaka 1998, na katika muda wa miaka kumi hivi kiwango cha vifo vya kujiua kilipungua kwa takriban nusu.

Nchi hiyohiyo ina funzo la pili, ambalo halipendezi sana. Watafiti waligawa visanduku vya kufuli vya kuhifadhia viuatilifu kwa kaya za vijijini, katika jaribio lililohusisha vijiji 180, na matokeo yaliyotangazwa mwaka 2017 hayakuonyesha kwamba visanduku hivyo vilipunguza matukio ya watu kujidhuru kwa viuatilifu. Ndiyo maana nasema iondoeni, wala sisemi ifungieni. Mwenye shamba anaweza kununua kiasi cha kunyunyizia siku hiyo tu, au kuacha dawa katika stoo ya ushirika, au kwa ndugu mtu mzima ambaye nyumba yake kijana haingii. Kufuli ni la wale wasio na njia nyingine kabisa. Hapo hata sanduku la bati la shule linafaa, ilimradi ufunguo ukae mwilini mwa mtu mzima, usitundikwe kwenye msumari nyuma ya mlango, mahali ambapo kila mtoto wa nyumba hiyo anapajua. Dawa za hospitali nazo zisisahaulike, zikiwamo za presha na kisukari za bibi: mtu mzima mmoja azishike na kutoa dozi inapofika saa yake, na zilizobaki tangu ugonjwa wa mwaka juzi zirudishwe zahanati.

Kazi hii isifanywe kwa kificho. Kijana atagundua, na akigundua atadhani anachunguzwa kama mwizi. Mama au baba amwambie waziwazi: "Mwanangu, tumeviondoa hivi kwa sababu tunataka uvuke salama kipindi hiki, na vitarudi utakapokuwa sawa." Amuulize pia, bila kuzunguka, kama anafikiria kujiua. Wengi wanaogopa kwamba swali hilo litampandikizia wazo, lakini halimpandikizii. Mara nyingi linamtua mzigo. Asiachwe peke yake katika siku hizo, apelekwe hospitali kuonana na mhudumu wa afya ya akili, na simu ya 116, inayopokea habari za watoto bila malipo, ipigwe bila kusubiri kikao cha ukoo.

Najua familia nyingi hunyamaza kwa kuogopa polisi, kwa kuwa Kanuni yetu ya Adhabu inalihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Wenzetu wa Kenya walikuwa na kifungu kama hicho, na Januari 2025 Mahakama Kuu yao ilikitangaza kuwa kinyume cha Katiba. Wabunge wetu nao walitazame jambo hili. Lakini kuiondoa chupa ukumbini hakuhitaji Bunge.

Kwa vyama vya ushirika na wenye maduka ya pembejeo ninalo ombi dogo. Tengeni sehemu yenye kufuli ambapo mkulima anaweza kuacha dawa yake kwa jina na kuichukua asubuhi ya kunyunyizia, na msimuulize sababu. Aidha, acheni kabisa kupima dawa katika chupa za soda na za maji. Mabwana shamba wanaotembelea kaya msimu huu wanaweza kuanza kwa kuuliza tu dawa inalala wapi.

Muuguzi mstaafu,
Njombe