Glaida haibebwi na upepo

Mhariri,

Makala mliyochapa juzi kuhusu ndege zisizo na injini ilinifurahisha, ila sentensi inayodai kwamba glaida hukaa angani kwa kubebwa na upepo inahitaji kusahihishwa. Upepo unaovuma sambamba na ardhi huisogeza glaida kando tu, kama maji ya mto yanavyousogeza mtumbwi; hauiinui, isipokuwa pale unapogonga ubavu wa mlima ukalazimika kupanda. Kusema kweli, glaida inashuka wakati wote ndani ya hewa inayoizunguka, na kazi ya rubani ni kuitafuta hewa inayopanda kwa kasi kuliko chombo chake kinavyoshuka.

Hewa hiyo huzaliwa ardhini. Jua huipasha ardhi moto kwanza, na shamba lililolimwa, mwamba au mabati ya soko hushika joto upesi kuliko msitu na kinamasi. Hewa iliyolala juu ya mahali hapo hupata joto, hupungua uzito, kisha hubanduka na kupanda huku ikipoa takriban nyuzi 1 ya Selsiasi kwa kila mita 100, hadi inapofikia kimo ambacho mvuke wake hugeuka matone. Ndipo linapochipuka wingu jeupe, kama pamba, lenye kitako bapa. Kitako kikiwa cheusi na kingo zikiwa kali, chini yake hewa bado inapanda; kingo zikianza kuchanika, wingu hilo si la kufuatwa tena. Pasipo mawingu, rubani huangalia kisulisuli cha vumbi au mwewe wanaozunguka bila kupiga mbawa.

Miaka kadhaa iliyopita nilipata bahati ya kupanda glaida ya viti viwili katika kiwanja cha Mweiga, kati ya Aberdare na Mlima Kenya. Tulipokuwa juu ya mashamba makavu, bawa la kulia lilinyanyuka kidogo, kana kwamba mtu amelisukuma kwa bega, na variometa, yaani kifaa kinachoonyesha kasi ya kupanda na kushuka, ikaanza kulia kwa sauti nyembamba. Rubani akailaza glaida kulia, upande ule ule wa bawa lililonyanyuka, kwa kuwa huko ndiko hewa ilikokuwa ikipanda, ilhali mimi ningeiacha ielekee kushoto ilikotaka kwenda. Kila mzunguko ulichukua sekunde kama 20: jua likinipiga usoni, likihamia kisogoni, likirudi. Sauti ya variometa ilipokuwa ikipanda upande mmoja na kufifia upande wa pili, rubani alisogeza mduara kidogo kidogo kuelekea penye nguvu, mpaka sauti ikawa moja pande zote. Hapo tukawa tumekipata kiini cha hewa inayopanda.

Anayesafiri mbali, hata hivyo, hakai hapo. Glaida yenye uwezo wa kwenda mita 40 mbele kwa kila mita 1 inayopoteza itavuka kilomita 40 kwa kimo cha kilomita 1 katika hewa tulivu, na kimo hicho ndicho akiba yake ya kuufikia mkondo mwingine wa hewa inayopanda. Kasi ya kuvukia hutegemea nguvu ya mkondo unaotarajiwa mbele: ukiwa na nguvu rubani huenda mbio, ukiwa dhaifu huenda polepole. Hesabu hiyo ina jina la Paul MacCready, Mmarekani aliyekuwa bingwa wa dunia mwaka 1956.

Tumbusi hawakumsubiri MacCready. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mwanabiolojia Colin Pennycuick aliwafuata angani Serengeti kwa glaida yenye injini ndogo, akiizima kila alipopata hewa inayopanda. Tumbusi wa Rüppell wanaolala kwenye magenge ya milima ya Gol, kando ya nyanda za Serengeti, huweza kwenda zaidi ya kilomita 100 kutafuta mizoga penye nyumbu, na hawaanzi safari mpaka ardhi ipate joto. Penye mawingu yaliyojipanga mstari ndege wapaao hawapotezi muda kuzunguka. Hunyoosha njia chini yake, wakipunguza mwendo penye hewa inayopanda.

Mwisho, picha mliyoiweka juu ya makala inaonyesha glaida ikielekea kwenye wingu la mvua ya radi. Hewa inayopanda humo ina nguvu kweli, lakini humnyonya rubani hadi ndani ya barafu na giza, na rubani mwenye busara halifuati. Mkiichapa makala hiyo tena, naomba picha hiyo ibadilishwe.

Msomaji wenu,
Nyeri