Mama alifunika sufuria, nami nikanyamaza

Shangazi,

Ni saa tisa usiku na sijapata hata lepe la usingizi. Tumbo limejaa kama ngoma, hilo nimelizoea. Kinachonikesha ni ile sufuria. Jumapili iliyopita mama alinipakulia githeri, nikaisogeza sahani kando. Akaitazama sahani, akamtazama mke wangu, kisha akafunika sufuria akasema, "Haya ndiyo maharagwe yaliyokusomesha."

Na ni kweli. Mama ameuza githeri Kariobangi tangu baba atuache. Karo yangu yote ya sekondari ilitoka kwenye kile kibanda. Kwa hivyo usinihesabu pamoja na wale wanaohama mtaa wakaanza kudharau chakula cha kwao.

Naumwa, Shangazi. Miaka mitatu nimetibiwa amiba, nikatibiwa homa ya matumbo, nikaambiwa ni vidonda vya tumbo. Omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, nimemeza karibu miaka miwili, najinunulia tu bila kurudi kwa daktari, kwa sababu ilinituliza kiungulia. Mwaka huu ndipo nilipompata daktari wa tumbo aliyenisikiliza. Alininywesha maji ya glukosi, kisha nikawa napuliza pumzi kwenye kifaa kila baada ya dakika chache, karibu saa mbili nzima, wakipima haidrojeni. Alinieleza kwamba mwili wenyewe hautengenezi haidrojeni, ni bakteria wanaoitengeneza. Yangu ilipanda mapema mno. Maana yake bakteria ambao kwa kawaida hujaa kwenye utumbo mpana wamezidi kwenye utumbo mwembamba, wanakila chakula kabla mwili haujakifyonza. Vitamini B12 ilikuwa chini pia, kumbe ndiyo iliyokuwa ikinitia ganzi miguuni. Alisema zile dawa huenda zilichangia, maana asidi ya tumbo ndiyo askari wa mlangoni na mimi nilimfukuza. Halafu kuna ile oparesheni ya kidole tumbo nikiwa kidato cha pili, iliacha makovu ndani na chakula kinakawia kupita.

Nilimeza rifaksimini, antibiotiki ya kuwapunguza hao bakteria, siku 14, mara tatu kwa siku. Pesa zilizotoka sitaki hata kuzitaja. Nikakaa miezi mitatu nikiwa mzima, nikala hata chapati. Kisha ikarudi. Daktari anasema hurudia watu wengi, hasa kilichoileta kikiwa bado kipo. Maharagwe, vitunguu, saumu na ngano nipunguze kwa muda, baadaye nirudishe kimoja kimoja, kwani kuviacha kunapunguza gesi tu, hakuwamalizi bakteria. Kati ya mlo na mlo niache saa nne au tano, maana utumbo hujifagia ukiwa mtupu. Kwa muda, Shangazi. Ndivyo alivyosema. Sikuikataa githeri ya mama maisha yangu yote. Lakini hakunipa nafasi ya kusema, alishafunika sufuria.

Utaniuliza kwa nini sikumweleza siku zote hizi. Ningemwelezaje? Nikisema nina bakteria tumboni na maharagwe yananizidishia, atasikia kwamba chakula chake ni kichafu. Yeye anaosha yale maharagwe maji matatu. Neno kama hilo likifika kibandani, nani atanunua tena? Nilikuwa namlinda.

Baadaye alinifuata nje akauliza, "Ni yeye amekukataza?" Nikanyamaza. Hapana, wacha nikuambie ilivyokuwa. Nilisema, "Yeye ndiye anayejua mambo ya chakula siku hizi." Basi, hayo tu. Na si uongo, mke wangu ndiye anayenipikia wali na karoti, ndiye anayenihesabia saa. Lakini mama aliondoka na neno hilo, na sasa dada zangu wanasema nimelishwa kitu. Mkubwa wao alimpigia mke wangu simu juzi akamwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika. Mke wangu hajui yalianzia wapi. Ananiuliza amemkosea nini mama, na asubuhi anaamka kunichemshia wali wangu usio na kitunguu.

Nataka mama aje kwetu tukae chini tuongee. Au afadhali asije kwanza, hadi nimalize dozi ya pili ninayoanza Jumatatu. Labda nikipona yataisha yenyewe, nile githeri mbele yao wote wawili. Ila daktari hakuniahidi kupona. Nimewaza pia nile vijiko vitatu tu hii Jumapili, niumie usiku kimya kimya, sufuria isifunikwe tena mbele yangu. Lakini mke wangu akiniona nikila, baada ya yote anayonifanyia? Na akijua kwamba yale maneno nilitoa mimi? Nianze kwa nani, Shangazi, yeye au mama?

Jumapili ni kesho. Jioni mama alituma ujumbe, ameshaloweka maharagwe.

Msomaji wako,
Umoja, Nairobi