Barua ya wazi kwa vijana mnaoanza kuandikia tovuti

Wanangu,

Nawasalimu nyote. Wengi wenu mmekuwa mkinitumia kurasa zenu nizitazame kabla hazijawekwa mtandaoni, nami nimezisoma kwa makini. Badala ya kumjibu kila mmoja peke yake na kurudia yale yale, nimeona niandike barua moja ya wazi, ili na wengine wanaoingia katika kazi hii waipate.

Kwanza niseme hili: Kiswahili chenu ni kizuri. Sikuona uvivu katika kurasa zile. Shida iko kwingine kabisa. Mnaandika kana kwamba msomaji amekaa kitini, ametulia, anasubiri muanze. Anayefungua tovuti hayuko hivyo. Ana jambo linalomkera, ameuliza swali, ameletewa orodha ya kurasa, amechagua wa kwenu, na kidole chake kiko tayari kurudi nyuma. Katika yote nitakayosema humu, nawaomba mlishike hilo moja: yupo mtu mmoja, ana swali lake, na ukurasa wako upo ili ajibiwe.

Mmoja wenu alinitumia ukurasa kuhusu simu iliyoingia maji. Ameniruhusu niutumie kama mfano, namshukuru. Ulianza hivi:

"Katika ulimwengu wa leo wa sayansi na teknolojia, simu ya mkononi imekuwa sehemu muhimu ya maisha ya kila siku ya mwanadamu. Watu wa rika zote huitumia kwa mawasiliano, biashara na burudani. Hata hivyo, simu hukabiliwa na changamoto mbalimbali, mojawapo ikiwa ni kuingiwa na maji."

Sarufi haina kasoro, na mwalimu wa insha angetoa alama nzuri. Lakini mfikirieni anayesoma. Simu yake imetumbukia kwenye ndoo sasa hivi, ameazima ya mwenzake ili atafute msaada, na maji yanazidi kupenya ndani. Anaambiwa kwamba simu ni kitu muhimu. Analijua hilo kuliko mwandishi! Atasoma mstari mmoja, pengine miwili, kisha ataondoka aende kwa mwingine atakayemwambia la kufanya.

Tulikaa na kijana yule tukauandika upya mwanzo wake:

"Izime sasa hivi. Usiichomeke kwenye chaji, na usiiwashe kujaribu kama bado inafanya kazi. Ifute kwa kitambaa kikavu, igongegonge taratibu kiganjani tundu la chaji likiwa limeelekea chini, kisha iache mahali pakavu penye hewa."

Ni hayo tu kwa kuanzia. Sababu za kukataza chaji, yaani umeme kukutana na maji na kusababisha shoti, na kutu kwenye sehemu za chuma, zikashuka aya ya pili na ya tatu. Waandishi wa magazeti wamefanya kazi kwa mpango huo miaka mingi: lililo zito linakaa juu, ufafanuzi unafuata, ili hata anayeishia katikati aondoke na kiini cha habari. Nanyi fanyeni vivyo hivyo. Ukishamaliza kuandika rasimu, ifute aya ya kwanza uone kama ukurasa umepoteza kitu. Mara nyingi haukupoteza chochote, na aya ya pili ndiyo iliyokuwa mwanzo wake halisi.

Msidhani haya ni mapendeleo ya mzee. Mwaka 1997 mtafiti Jakob Nielsen alieleza alichokiona alipowachunguza watu wakitumia tovuti: asilimia 79 walipitisha macho juu juu kila walipokutana na ukurasa mpya, na asilimia 16 tu ndio waliosoma neno kwa neno. Mwaka 2006 kundi lake lilifuatilia macho ya watu 232 na kukuta kwamba mara nyingi yanatembea kwa umbo la herufi F. Yanasoma mstari wa juu kwenda kulia, yanashuka kidogo na kusoma kipande kifupi zaidi, kisha yanateremka upande wa kushoto yakidokoadokoa.

Maana yake kwenu ni kubwa. Maneno mawili matatu ya mwanzo wa kichwa cha habari, na ya mwanzo wa kila aya, ndiyo yanayosomwa na wengi. Sasa angalieni vichwa vyetu: "Fahamu mambo muhimu unayopaswa kuyajua kuhusu…" Yamepita maneno sita na msomaji hajaambiwa habari inahusu nini. Andikeni "Simu ikiingia maji: hatua za kwanza" na neno "simu" liko pale pale macho yanapotua. Hivyo hivyo kwa vichwa vidogo ndani ya ukurasa. "Utangulizi" hakimwambii mtu kitu, wala "Hitimisho". "Usiichomeke kwenye chaji" kinamfaa hata yule ambaye hatasoma aya iliyo chini yake.

Aya ziwe fupi. Aya inayochukua mistari mitano kwenye kompyuta hujaza kioo kizima cha simu, na wasomaji wenu wengi wako kwenye simu. Kuhusu sentensi, tovuti ya serikali ya Uingereza, GOV.UK, huwaelekeza waandishi wake wasivuke maneno 25 katika sentensi moja. Mimi naona ni kipimo kizuri cha kujikagulia. Hakuna anayewataka mhesabu kila mstari, ila sentensi ikikulazimisha kuvuta pumzi katikati, ikate. Hatua zinazofuatana zipeni namba. Maelezo yenye fikra, sababu na shaka yaacheni yabaki kuwa aya za kawaida, maana nimeona kurasa zilizokatwakatwa vipande mpaka hoja ikapotea.

Sasa nije kwenye jambo linalowatia hofu kuliko yote, kupatikana kwenye Google. Mmeambiwa kuna maneno ya kutafutia, na kwamba lazima yarudiwe. Sehemu ya kwanza ni kweli. Mtu haandiki "kifaa cha mawasiliano kilichoathiriwa na unyevu". Anaandika "simu imeingia maji nifanyeje". Sikilizeni watu wanavyouliza wakiwa na shida, kisha tumieni maneno yao kwenye kichwa na katika aya ya kwanza. Kama kitu kina majina mawili yanayotumika, mengine kwa huku na mengine kwa kule, yatajeni yote mawili mahali panapofaa.

Sehemu ya pili ndiyo inayoharibu kazi. Nimesoma ukurasa wenu wenye "simu iliyoingia maji" katika kila sentensi, hata pale ambapo "hiyo" ingetosha. Hakuna binadamu anayezungumza hivyo, na mtambo wa Google hauhitaji. Ile sehemu iliyofichwa ndani ya msimbo wa ukurasa ambamo watu walikuwa wakirundika maneno ya kutafutia, Google ilitangaza Septemba 2009 kwamba haiitumii kupanga matokeo. Februari 2011 ikabadilisha utaratibu wake ili kuzishusha tovuti zenye maandishi yasiyo na kina au yaliyonakiliwa kutoka kwingine. Tangu hapo mwelekeo umebaki ule ule, na Desemba 2022 iliongeza neno "uzoefu" katika mwongozo wa wakaguzi wake wa ubora, yaani watu wanaoyapima matokeo ya utafutaji: je, aliyeandika amelifanya au kuliona jambo hili mwenyewe?

Hapo ndipo ninapotaka mtulie kidogo, kwa sababu ndipo mwandishi mzuri anapotengana na mnakilishaji. Rasimu ile ya simu ilikuwa na ushauri wa kuitumbukiza simu kwenye mchele mkavu. Nilimuuliza kijana ameutoa wapi. Kwenye ukurasa mwingine. Na ule mwingine? Hakujua. Ushauri huo umezunguka mtandaoni kwa miaka, kila mmoja akiuchukua kwa mwenzake. Mwanzoni mwa 2024 ilibainika kwamba maelekezo ya Apple kwa wenye iPhone yanakataza jambo hilo waziwazi, kwa kuwa chembechembe za mchele zinaweza kuidhuru simu. Mtengenezaji amesema hivyo kwenye tovuti yake, na ilichukua dakika chache kuyapata.

Kwa hiyo nendeni kwenye chimbuko. Kama ni dawa, someni maelezo ya dawa yenyewe. Kama ni sheria, fungueni kifungu. Wekeni kiungo kinachompeleka msomaji pale mlipolitoa jambo, naye atawaamini hata katika yale msiyoyawekea kiungo. Kisha ongezeni kile ambacho chimbuko halina. Kijana wangu nilimtuma kwa fundi simu. Akarudi na maelezo ya namna kutu inavyoonekana simu ikifunguliwa, weupe au ukijani kwenye ubao wa sakiti, na maswali ambayo fundi humuuliza mteja kabla hajashika bisibisi: maji yalikuwa ya namna gani, ya chumvi au ya kawaida, na je, uliiwasha? Maelezo hayo yalitia uhai katika ukurasa wote, na hakuyakopa kwa mtu.

Mtaniuliza kuhusu akili mnemba. Tangu ChatGPT ilipotoka Novemba 2022, mtu anaweza kupata maneno elfu moja kabla hajamaliza kukaa. Mimi siwakatazi kuitumia kujikagulia au kutafuta pembe ambayo hamkuifikiria. Lakini mnapoiachia iandike, mara nyingi mnaletewa tena ule "ulimwengu wa leo wa sayansi na teknolojia", na mara nyingine habari isiyo ya kweli iliyosemwa kwa uhakika mkubwa. Jina lililo juu ya ukurasa ni lako. Sentensi usiyoweza kuitetea mbele ya msomaji, iondoe.

Kurasa za "Kuhusu sisi" nitazipitia haraka. "Sisi ni kampuni inayoongoza katika utoaji wa huduma bora zenye viwango vya kimataifa" inaweza kuandikwa na fundi cherehani, kampuni ya ulinzi, au chuo. Semeni mnafanya nini, mnamfanyia nani, mnapatikanaje na saa ngapi. "Tunashona sare za shule na za kazi. Vipimo tunachukua wenyewe, na oda huwa tayari kwa siku saba." Mteja ameshajua kama amefika panapomfaa.

Kuna wasomaji wengine ambao wengi wenu hamjawafikiria. Wasioona hutumia programu inayowasomea kioo kwa sauti, na wengi huruka kutoka kiungo hadi kiungo ili kujua ukurasa una nini. Mkiandika "bofya hapa" mara tano, wanasikia "bofya hapa" mara tano na hawajui wanapelekwa wapi. Kiungo kijieleze chenyewe: "orodha ya vituo vya matengenezo". Picha nazo zinahitaji maelezo ya maandishi, yanayosema kilichomo na kwa nini kipo. Shirika la W3C, linaloweka viwango vya wavuti, limekuwa na mwongozo wa mambo haya tangu 1999, na bado naona tovuti mpya zikizinduliwa bila hata maelezo ya picha moja. Linaniuma, kwa sababu ni kazi ya dakika. Tukiwa kwenye picha: zipunguzeni uzito kabla ya kuziweka, maana msomaji analipia data, na msichukue picha ya mtu kwa kuwa tu mmeikuta mtandaoni. Ina mwenyewe.

Mkimaliza, someni kwa sauti. Ulimi ukijikwaa, na jicho la msomaji litajikwaa. Kisha mpeni mtu asiyelijua jambo hilo, mkae kimya, mtazame anapoishia. Msimweleze. Akiuliza swali, jibu lake halimo kwenye ukurasa au limejificha.

Na ukurasa ukishakuwa hewani haujaisha. Maelekezo hubadilika, viungo hufa, namba za simu huhama. Wekeni siku maalumu ya kupitia kurasa za zamani. Tarehe ya juu ibadilishwe pale tu mlipobadilisha jambo la maana ndani, kwa kuwa msomaji anaitegemea kujua kama habari bado inafaa.

Endeleeni kunitumia rasimu zenu. Mara hii, juu kabisa kabla ya kichwa, niandikieni kwa mstari mmoja swali ambalo msomaji wenu amekuja nalo. Nitalisoma hilo kwanza, kisha aya ya kwanza, na tutaanzia mazungumzo yetu hapo.

Mzee wenu,
Mhariri mstaafu