Kuhusu Idi na vifaa anavyovifungua

Shoga yangu Rehema,

Salaam nyingi. Barua yako nimeipata. Unauliza kinachomkesha Idi na ile kamera ya getini, anatafuta dosari kwenye kitu kinachofanya kazi vizuri.

Nikueleze habari za Marie Moe, mtaalamu wa usalama wa kompyuta wa Norway. Mwaka 2011 alianguka kwa tatizo la moyo, akawekewa kifaa cha kuongoza mapigo. Baadaye akagundua kwamba kifaa kile kinaweza kuwasiliana bila waya, kikiwa humo humo kifuani mwake! Siku moja akipanda ngazi za kituo cha treni London, nguvu zikamwishia ghafla. Uchunguzi ukaonyesha kwamba kifaa hakikupangwa kama kompyuta ya hospitali ilivyoonyesha. Programu ya kompyuta hiyo ilikuwa na kasoro. Yeye na wenzake wakaanza kutafuta vifaa vya aina hiyo na kuvichambua. Mtu kama huyo, Rehema, utamwambiaje aache? Jay Radcliffe wa Marekani naye, mgonjwa wa kisukari, aliichunguza pampu yake mwenyewe ya insulini, akaeleza hadharani mwaka 2011 jinsi inavyoweza kuingiliwa.

Fedha zipo, sikatai. Mwishoni mwa 2019 kampuni ya Apple iliwafungulia watafiti wote zawadi zilizofika dola milioni moja kwa atakayeipelekea dosari nzito ya vifaa vyake. Lakini fedha hupotosha pia. Mwaka 2016 kampuni ya MedSec ilipata dosari katika vifaa vya moyo vya St. Jude Medical. Badala ya kumwarifu mtengenezaji kwanza, ikaungana na wawekezaji waliotegemea kufaidika hisa zake zikishuka. Hilo linaniudhi mpaka leo, kwa sababu wagonjwa walibaki na hofu kabla ya marekebisho ya vifaa kupatikana. Hata hivyo dosari zilikuwa za kweli: mwaka uliofuata vifaa kama 465,000 nchini Marekani vilihitaji programu mpya.

Kwa hiyo usimkataze Idi. Mwambie tu afungue vya kwenu, asiguse vya jirani, maana sheria ya makosa ya mtandao ya Tanzania ya 2015 inakataza kuingia kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa. Akipata kitu, amwandikie mtengenezaji kwanza. Na akisema anataka kujua kamera yako inapeleka wapi picha za getini kwako, kaa naye akuonyeshe.

Wasalimie wote nyumbani.

Wako,
Zuhura